Vieno Lappalainen na Karatasi Isiyopitisha Hewa

Mchungaji wetu, ndugu na jamaa, majirani, wanafunzi wa zamani wa marehemu, nanyi mliovuka bahari kuja kumsindikiza, mimi naitwa Sirkka, binti wa Arvi Kiiskinen, na huyu tuliyetoka kumzika hivi punde ni shangazi yangu, dada wa baba yangu, tumbo moja. Mtoto wake wa pekee, Marketta, ndiye aliyeniomba niwasomee historia hii, na wazee wa Haukisalmi mlioketi humu ukumbini mnajua kwamba ilipita miaka mingi ambayo mtu wa nyumba yetu asingethubutu kusimama mahali hapa. Marketta ameniomba nisiruke kitu. Basi sitaruka, na anayeona kahawa yake inapoa anywe tu, sitamkasirikia.

Marehemu Vieno Hellevi alizaliwa tarehe 14 Machi 1929 hapa hapa Haukisalmi, katika nyumba ya chumba kimoja na jiko karibu na daraja la reli, akiwa mtoto wa kwanza wa Juho Kiiskinen, aliyekuwa akisukuma magogo ziwani kuyapeleka kiwandani, na mkewe Lempi, aliyekuwa akifua nguo za watu. Mdogo wake Arvi, baba yangu, alizaliwa mwaka 1935. Baba yao aliuawa vitani tarehe 11 Februari 1940, na miaka miwili baadaye, njaa ilipozidi, Bibi Lempi alimning'iniza Arvi kadi yenye jina lake shingoni, akampandisha treni ya watoto waliokuwa wakipelekwa kutunzwa Uswidi, mtoto hajafikisha hata miaka saba. Aliporudi mwaka 1945 alikuwa amenawiri, amevaa viatu vizuri, na hajui neno hata moja la Kifini. Mama yake alilia. Vieno ndiye aliyemfundisha lugha upya pale jikoni, akimwonyesha kijiko na kutamka kijiko, akimwonyesha ndoo na kutamka ndoo, na baba yangu alipenda kusimulia, zamani zile alipokuwa bado anasimulia mambo, kwamba sentensi yake ya kwanza iliyokamilika ilikuwa "Vieno, wewe ni nguruwe," na dada yake alimkumbatia kwa furaha.

Kuhusu elimu, marehemu alianza shule ya msingi hapa mwaka 1936, akaendelea na sekondari mjini Mikkeli kwa msaada wa parokia, akafaulu mtihani wa mwisho mwaka 1948, kisha akaenda Helsinki kusomea kemia ya mbao, akahitimu Mei 1953, katika darasa lenye wanawake watatu tu. Angeweza kubaki Helsinki. Alirudi kwa sababu mama yake alikuwa ameanza kuumwa mgongo, na kwa sababu tarehe 1 Septemba mwaka huo huo kiwanda cha hapa kilimpa kazi katika maabara yake.

Vijana mliozaliwa baada ya kiwanda kile kubomolewa, niwaeleze kwa ufupi kilichokuwa kikitengenezwa pale. Ilikuwa selofani, ile karatasi angavu ya kufungia peremende na maua, ambayo wengi hudhani ni plastiki, kumbe ni mti. Mti ulipikwa ukawa rojo, rojo likayeyushwa kwa dawa kali zenye harufu ya kabichi iliyooza, likakamuliwa katika mwanya mwembamba kuingia ndani ya asidi, likatokea upande wa pili likiwa utando unaoweza kusoma gazeti kupitia kwake. Utando huo ulikuwa na sifa moja kubwa na aibu moja kubwa. Ukiwa mkavu, hewa haikupenya, ulizuia kuliko plastiki nyingi za siku zile, lakini ukipata unyevu ulikunywa maji, ukavimba, ukalegea, na hapo hewa na mvuke vikapita kama vinapita kwenye shashi. Biskuti zililainika, tumbaku ikakauka, na wateja wakalalamika. Kazi ya marehemu ilikuwa kuiondoa aibu hiyo.

Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na zaidi. Alipaka utando vanishi nyembamba kuliko unywele, akafunika nao vikombe vidogo vya aluminiamu vilivyotiwa chumvi inayofyonza maji, akaziba kingo kwa nta, akaviweka ndani ya kabati lenye unyevu, na kila asubuhi akavipima uzito, maana kilichoongezeka kwenye kikombe ndicho kilichopenya. Vanishi moja ilipasuka ikikunjwa, nyingine ilibanduka, nyingine ilinuka. Mkuu wa maabara, Injinia Sandell, alikuwa mtu wa utani, na alipita mezani kwake akiuliza, "Vieno, leo tunavuja kiasi gani?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Kidogo kuliko mdomo wako, Injinia."

Tarehe 8 Juni 1957 marehemu alifunga ndoa katika kanisa la hapa na Urho Lappalainen, mfanyakazi wa reli aliyekuwa akiongoza ishara za treni, mtu mkubwa wa mwili, mpole, asiye na haraka, ambaye watu wakimwuliza mkewe anafanya kazi gani alisema, "Analipwa kuchunga hewa isitoroke." Walijaliwa kupata mtoto mmoja, Marketta, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1959. Mimba mbili zilizofuata zilitoka. Wanawake wengi wa kiwanda kile walipatwa na hayo, na siku zile halikuwa jambo la kuzungumzwa.

Mwishoni mwa mwaka 1964 marehemu alifanikiwa. Selofani yake mpya ilipakwa vanishi pande zote mbili na kubandikwa utando mwembamba wa plastiki kwa ndani, ili iweze kufungwa kwa joto, na hata ilipokaa kwenye unyevu wiki nzima haikuvimba, na kwa kuwa haikuvimba, hewa nayo haikupita. Kiwanda kilinunua mashine ya kunyonya hewa kutoka kwenye mifuko, na Injinia Sandell akatafuta mtu wa kuijaribia kwa bidhaa halisi.

Mtu huyo alikuwa baba yangu. Arvi Kiiskinen alikuwa na kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi pale ufukweni, akivua mwenyewe siika, samaki weupe wa ziwa letu, akiwachoma kwa kuni za mti wa leppä hadi ngozi igeuke rangi ya dhahabu, na samaki wake walijulikana hadi mji wa pili, lakini hawakufika mbali zaidi ya hapo kwa sababu walikauka na kuchacha baada ya siku chache. Alimfuata dada yake nyumbani na kumwambia, "Dada, unawafungia watu wa Helsinki biskuti, na mdogo wako anatupa samaki ziwani. Huoni haya?" Vieno akamjibu, "Haya ninayo, mifuko pia ninayo. Lakini uwaweke baridini, Arvi, unanielewa?" Baba alisema anaelewa. Walijaribu majira yote ya baridi, na marehemu akapima uzito, rangi, mafuta na harufu, na samaki waliokaa wiki kadhaa walitoka kwenye mfuko kama wametolewa motoni jana. Masika ya 1965 pakiti za siika wa Kiiskinen zilianza kuuzwa kwenye kibanda cha stesheni. Ilikuwa furaha nyumbani kwetu, mama alinunua koti, nami nilipata baiskeli.

Sasa nasoma yale ambayo Marketta amenisisitizia.

Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Juni 1965, mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, Urho alichukua pakiti moja aliyopewa na shemeji yake, akaitia kwenye mkoba, akampakia Marketta mtumbwini, wakaenda kwenye kisiwa cha wazazi wake, Vieno akitarajiwa kufuata kesho yake baada ya zamu. Siku hizo jua karibu halitui, na mkoba ulikaa juani mchana kutwa, wala haikuwa mara ya kwanza kwa samaki huyo kukaa kwenye joto, kwani kabla ya hapo pakiti hiyo ilikuwa imekaa siku kadhaa juu ya kabati la jikoni kwetu. Urho alimla samaki yule kwa viazi vipya na bizari, akasifu ladha yake. Marketta, ambaye hakupenda samaki wenye miiba, alikula viazi na siagi tu.

Kesho yake asubuhi Urho alipepesuka, kope zikawa zinamwangukia, mdomo ukamkauka, maneno yakawa mazito, na ndugu zake wakacheka, wakamwambia, "Kaka, wengine tunangoja hata sauna iwake, wewe umeshaanza." Alikuwa hajaonja tone la pombe. Vieno alipofika gatini, Urho alimtazama, akafumba jicho moja, akamwambia, "Naona Vieno wawili, na hata mmoja simwezi." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema yakaeleweka vizuri. Hadi wanafika hospitali ya wilaya alikuwa hawezi kumeza mate, na jioni hiyo hiyo wakaletwa Bibi Aune Tirri na mjukuu wake Jouko, mwenye umri wa miaka minane, ambao walinunua pakiti stesheni. Daktari aligundua mapema kwamba ni sumu, akaagiza dawa kutoka ng'ambo kwa ndege, na dawa ilifika, lakini ilifika jioni ya tarehe 29 Juni, na Urho alikuwa amekata roho mchana wake. Bibi Tirri alimfuata siku iliyofuata, na Jouko tarehe 2 Julai. Akili zao zilikuwa timamu hadi mwisho. Vieno aliketi kando ya kitanda akimshika mumewe mkono, na Urho aliweza kuukaza mkono huo karibu hadi pumzi ya mwisho.

Mji ulimwangukia baba yangu. Walisema kibanda chake ni kichafu, walisema alichanganya samaki waliokufa wenyewe, madirisha yetu yakavunjwa kwa mawe, na mama akitoka dukani mtu alimtemea mate kwenye lile koti. Kiwanda nacho kilitoa tamko kwamba mifuko imepimwa na haina kasoro, na kwamba tatizo ni usafi wa muuzaji. Uchunguzi wa hadhara ulipangwa kufanyika katika ukumbi wa halmashauri tarehe 14 Septemba 1965, na Injinia Sandell alimwendea Vieno nyumbani, kofia mkononi, akamwambia, "Mimi sikuombi udanganye. Sema tu kwamba mfuko hauvuji. Ni kweli hauvuji. Watu mia nne wanakula kwa kiwanda hiki." Vieno akamwambia kwamba atasema hivyo hivyo.

Na kweli alisema hivyo hivyo. Alisimama amevaa nguo nyeusi za mjane, akasema, na haya nayanukuu jinsi mama yangu alivyoyakumbuka, "Mfuko hauna kasoro. Haukupitisha hewa hata kidogo, na ndiyo maana mume wangu amekufa. Mdudu wa sumu hii anakaa kwenye tope la ziwa letu, kila samaki anaweza kuwa naye, wa Arvi na wa kwenu. Hewa humzuia, baridi humzuia. Sisi tumemwondolea hewa, kisha jua likamwondolea baridi. Zamani samaki aliyeharibika alinuka, mkamtupa. Wadudu wanaoleta harufu wanahitaji hewa, na sisi tumewaua, tukamwacha huyu asiyenuka. Ndugu yangu ameuza samaki miaka kumi na moja kwenye karatasi ya kawaida, na hakuna aliyeugua. Mimi nilipima kila kitu isipokuwa hicho. Mkitafuta mchafu, msimtafute ufukweni."

Mwanamke mmoja wa idara ya kukunja karatasi akauliza kutoka nyuma, "Na kiwanda kikifungwa, watoto wetu watakula hayo maneno yako?" Vieno akasema, "Sijui watakula nini," akaketi.

Kiwanda hakikufungwa, mifuko ile tu iliacha kutumika kwa samaki, na baba yangu alisafishwa jina kwenye karatasi za serikali, ila hakuna aliyenunua samaki wake tena. Vieno alihamishiwa stoo, watu wakaacha kumsalimu, na Januari 1966 sisi tulifunga mizigo kuhamia Göteborg, ambako baba alikuwa amepata kazi ya kulehemu. Shangazi alikuja stesheni kutuaga. Baba alimwambia, "Ulisema vizuri mbele za watu, dada. Lakini mfuko ule niliupokea mkononi mwako, nikampa Urho kwa mkono wangu. Sasa tufanyeje?" Hawakuonana tena wakiwa hai.

Mwaka huo huo marehemu alihamia Kuopio na binti yake, akafundisha kemia katika chuo cha walimu wa maarifa ya nyumbani hadi mwaka 1971, kisha akaajiriwa katika maabara ya vyakula, na huko alirudia vikombe vyake vya aluminiamu hadi alipostaafu mwaka 1992. Kila utando ulioletwa mbele yake, hakuuliza tu unazuia nini, aliuliza pia unafungia nini ndani. Alitengeneza karatasi ya samaki wa moshi yenye matundu madogo mno, akagombana na wenye viwanda waliotaka bidhaa ikae muda mrefu zaidi, akashinda mara chache na kushindwa mara nyingi. Alikuwa akiingia maduka asiyoyajua, akibonyeza pakiti za samaki kwa kidole na kuzihamishia kwenye jokofu mwenyewe, na mwenye duka mmoja wa Kuopio alipomwuliza, "Mama, unanunua au unakagua?" alimjibu, "Nakagua. Ukifaulu nitanunua."

Kwa binti yake hakuwa mama mwepesi. Nyumbani kwao mkate ulifungwa kwa kitambaa, samaki hakupikwa, na jina la Arvi halikutajwa. Marketta alipokuwa na miaka kumi na sita alimwuliza waziwazi, "Mama, baba aliuawa na nani?" Akajibiwa, "Na mimi, na mjomba wako, na jua. Usimtoe mmoja ukawabakiza wengine." Marketta anasema alimchukia kwa jibu hilo kwa muda mrefu, na ameniruhusu niliseme.

Baba yangu alifariki Göteborg tarehe 3 Mei 1987, na Vieno alikuja, akasimama nyuma ya kanisa, akaondoka kabla ya kahawa, maana mama yangu hakutaka kumwona. Mimi nilimfuata Kuopio miaka saba baadaye, nikagonga mlango, akanitazama, akasema, "Pua ya Arvi hiyo. Ingia, joto linatoka." Alinipa kahawa na mkate mweusi wa nafaka ya rai. Tulizungumza habari za barabara na bei ya nyumba, hadi akaniuliza kama baba yangu alikuwa akizungumza Kifini nyumbani. Nilimwambia ukweli, kwamba tangu tulipovuka alizungumza Kiswidi tu, na sisi, na hata usingizini, na alipokuwa anakufa muuguzi Mfini alimsemesha naye hakujibu. Shangazi aliinuka, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo. Kisha akauliza nitarudi lini. Nilirudi kila mwaka.

Kuhusu ugonjwa, mikono ya marehemu ilianza kutetemeka mwaka 2006, miguu ikafuata, na madaktari walisema huenda ni zile hewa za kiwandani alizovuta ujanani na huenda ni uzee, haiwezekani kujua. Mwaka 2009 alihamia nyumba ya kutunzia wazee, na huko aliwasumbua wauguzi kwa kutoboa kwa uma kila chakula kilichofunikwa plastiki, chake na cha wenzake, hata bwana mmoja wa chumba cha jirani akalalamika kwamba mama huyu anamtobolea mkate. Mwezi Oktoba mwaka huu alipata homa ya mapafu, akalazwa, akakataa mashine, na alifariki Jumanne, tarehe 8 Novemba 2011, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, Marketta akiwa upande mmoja wa kitanda nami upande wa pili. Siku moja kabla alimwuliza Marketta kama amesamehewa. Marketta alimwuliza, na nani, na mama yake akageuza uso ukutani. Hatukupata jibu la swali hilo na hatutajifanya kwamba tumelipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walezi wa nyumba ya wazee kwa uvumilivu wao, majirani wa Kuopio waliomsafishia theluji mlangoni bila kuombwa, na wenzake wa maabara na wanafunzi wake waliofika leo kutoka mbali. Tunamshukuru mama yangu Elma, ambaye ana miaka sabini na mitano na amekuja, na ameketi pale karibu na Marketta. Familia ya Tirri tuliialika kwa heshima zote. Hawakujibu, na hawakuja, na Marketta amesema nilisome hilo pia, kwa sababu nao wana marehemu wao wawili, na hatuna haki ya kuwadai kitu.

Shangazi Vieno, umepima kiasi ulichoweza kupima. Lala sasa, upumzike.